Kiti cha Uvivu cha Mzee Ngusa

Hosteli Namba 4, Dodoma
12 Novemba 2023

Kwa Bibi Scolastika, mke wangu mpenzi,

Shikamoo. Najua utaitikia huku umekunja uso, maana mume hampi mkewe shikamoo, lakini nifanyeje, umri umenizidi mbali. Hujambo? Magoti hayajambo? Baba mdogo, mama mdogo Salome na ng'ombe wote wazima? Mimi ni mzima wa afya, namshukuru Mungu, isipokuwa jambo moja nitakalokueleza.

Kwanza, uone kwamba nimetii sharti lako la barua. Wenzangu wakiniona nakunja karatasi wanauliza kama naandika wosia. Nawaambia bibi yangu alijifunza kuandika kwenye Elimu ya Watu Wazima akiwa na mtoto mgongoni, na hakubali jasho lile liishie kwenye simu inayokatika kabla salamu hazijakwisha.

Sasa hilo jambo. Bibi, silali. Napanda kitandani saa nne, nageuka huku na huku mpaka adhana ya alfajiri, ndipo usingizi unakuja, na kipindi cha kwanza ni saa mbili. Mwenzangu wa chumbani, Akida, kijana wa Kahama, akigusa mto tu amekwenda. Namwonea wivu mpaka namchukia, halafu asubuhi ananipa chai na chuki inaisha.

Wala siyo kwamba kazi imenizidi. Naomba msamaha kukwambia hivi, lakini mimi nakaa tu. Darasa liko karibu na kitanda changu kuliko kisima kilivyo karibu na jiko lako. Nikitoka darasani nakaa kitandani na kompyuta. Chakula naagiza kwa simu, kinaletwa mlangoni. Jioni Akida akienda uwanjani, mimi nabaki, maana nimekuja kusoma Takwimu, sikuja kukimbia. Labda huko kuna mzizi wa kuchemsha? Mpe Nkwabi auweke kwenye basi lake. Huwa anafika hapa Jumanne na Ijumaa, na kama unavyomjua, kondakta yule hapotezi mzigo ila maneno.

Mjukuu wako na mumeo mdogo,
Maganga


Mhunze, Kishapu
26 Novemba 2023

Mume wangu Maganga,

Marahaba, na uso sikuukunja. Mwangaluka. Sisi hatujambo. Mvua imeanza kwa kujivuta lakini imeanza. Baba yako Deusdedit amepiga simu kutoka Nyarugusu, bado anashuka duarani kutafuta dhahabu, na mama yako bado anawapikia wachimbaji. Wanakusalimu wote wawili.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili Salome asikie. Nimefurahi mno. Mjukuu wangu anakaa! Mimi nilishika jembe kabla sijang'oka meno ya utoto. Babu yako Ngusa alichunga ng'ombe mpaka wiki aliyokufa. Tulipoona unajua kusoma upesi tukasema, huyu ndiye atakayekaa kwa niaba yetu sote. Ndiyo maana nilimkataza kila mtu hapa nyumbani kukutuma maji wala kuni, na likizo zako zote hujagusa mpini, Mhunze nzima ni mashahidi. Leo unaniomba msamaha kwa sababu unakaa? Kwani mtu huomba msamaha kwa kufaulu?

Ugonjwa wako nimeujua. Hukosei kukaa, unakaa vibaya. Kitanda siyo mahali pa kukaa, na viti vya plastiki ni vya kwenye misiba. Mgongo ukikasirika usingizi unaogopa kuja. Kwa hiyo nakutumia kiti cha uvivu cha babu yako, kile cha mninga chenye ngozi ya ng'ombe badala ya turubai. Unajua sijamruhusu mtu kukikalia tangu afe. Mimi mwenyewe nimeanza kukikalia miaka miwili hii, tangu Salome aliponinyang'anya jembe akasema, "Mama, umelima vya kutosha, sasa pumzika." Nimepumzika humo tangu chai ya asubuhi mpaka ugali wa jioni. Ni kizuri kupita maelezo, na mimi nalala vizuri kabisa, usiwe na wasiwasi.

Nkwabi amelalamika kwamba basi siyo lori. Nimemkumbusha ni mgongo wa nani uliombeba mama yake alipokuwa anajifungua mdogo wake. Kitapanda juu ya paa siku ya Ijumaa. Kaa vizuri, usome, ulale.

Bibi yako na mke wako wa kwanza,
Scolastika


Dodoma
15 Desemba 2023

Mke wangu mpenzi, Bibi Scolastika,

Shikamoo sana, na wabeja sana kwa kiti! Hamjambo wote? Magoti je? Mvua je? Mimi sijambo, tena safari hii naandika nikiwa nimeegemea.

Kiti kimefika salama. Nkwabi alikibeba kichwani tangu stendi, na mlinzi wa geti alimzuia akauliza kuna mtemi gani anayehamia hosteli. Mlangoni hakikupita, ikabidi tutoe meza ya Akida kwanza. Sasa meza iko ukumbini na Akida ananiandalia kesi. Wanafunzi wa ghorofa nzima wamekuja kupiga picha.

Bibi, ni raha. Nikishaingia humo sitoki. Maji yako kulia, chaja kushoto, kompyuta tumboni. Nimepata hata kifimbo cha kuzimia taa bila kuinuka. Akida anasema nikiendelea hivi nitaota mizizi, na yeye hataninyweshea. Usiku bado siyo shwari, lakini mchana nasinzia humo kitini kwa muda wa saa mbili, tatu, kwa hiyo naona hesabu inalingana. Michembe ya viazi uliyoificha chini ya ngozi nimeiona. Akida ameila yote, na kesi ameifuta.

Mumeo anayekaa vizuri,
Maganga


Mhunze
20 Januari 2024

Mume wangu Maganga,

Marahaba. Hatujambo. Mahindi yamefika kiunoni, na ng'ombe mwekundu amezaa. Salome anakusalimu, ingawa leo hatuongei, sababu utaiona mbele.

Nina jambo la kuungama. Padre nimeshamwambia, sasa zamu yako. Nilikudanganya. Ile miaka miwili nilipokuwa nakaa kitini, nilikuwa silali. Nilikuwa nahesabu mabati ya paa. Yako ishirini na sita, na moja lina kutu. Nilinyamaza kwa sababu ningesema, Salome angeniambia ni uzee, na mimi uzee sijaukaribisha.

Kiti kilipoondoka nikakosa pa kukaa. Kigoda kinaniuma nyonga. Basi nikawa nazunguka. Nilikwenda sokoni kwa Mwamvua, yule muuza vitenge, nikarudi. Nikaenda kigangoni kufagia, ingawa zamu haikuwa yangu. Halafu siku moja Salome yuko kisimani, nikaona magugu yameingia kwenye mahindi, nikachukua jembe. Alirudi akanikuta mstari wa nne. Ndiyo sababu hatuongei.

Lakini Maganga, nalala! Wiki ya pili tu tangu kiti kiondoke, nililala mpaka Salome akaja kunishika pua kuona kama napumua. Na tangu siku hiyo ni hivyo hivyo.

Nimewaza sana na jibu ni moja. Ngusa hakupenda nikae kitini mwake, ndiyo maana alikuwa ananiamsha. Sasa ameona kiti kimekwenda kwa mrithi, ameridhika, ametulia. Nimemmwagia togwa kidogo mlangoni, na Jumapili nikaenda kanisani, ili pande zote mbili zisinilaumu. Na wewe bila shaka sasa unalala. Mitihani ni mwezi ujao, sivyo? Niandikie mara ukimaliza.

Bibi yako,
Scolastika


Mhunze
10 Machi 2024

Maganga,

Hujambo? Sisi wazima. Sina salamu nyingi leo.

Mitihani imekwisha yapata wiki tatu. Barua sijaona. Nkwabi alikupelekea karanga zangu siku ya Jumanne, akakukuta saa saba mchana umelala kitini, mdomo wazi, mapazia yamefungwa. Anasema alikuita mara nne. Anasema umenenepa uso na kukonda macho. Nilimwambia aache maneno, lakini usiku ule mabati niliyahesabu tena.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nieleze ukweli wote, tena kwa mwandiko wako mwenyewe.

Bibi yako


Dodoma
24 Machi 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Leo sithubutu kukuita mke.

Ukweli ni huu. Mtihani wa Nadharia ya Uwezekano ulikuwa tarehe kumi na tisa Februari, saa mbili asubuhi. Usingizi ulinijia kitini saa kumi na moja alfajiri. Akida alikwenda kwao kwa msiba wiki ile, hakuwapo wa kuniamsha. Nilishtuka saa mbili na robo, nikakimbia na kandambili, na kwa kukimbia huko kidogo tu nikafika natapika. Waliniruhusu kuingia. Niliandika jina, nikajibu swali la kwanza, halafu, Bibi, nikalala juu ya karatasi. Msimamizi aliniamsha kukusanya. Nimefeli. Nitarudia mtihani mwezi wa tisa, na kwa jinsi alama zangu za mwaka jana zilivyo nyembamba, nikianguka tena nitadisko. Ndivyo tunavyosema mtu akifukuzwa chuo kwa kufeli. Nitarudi nyumbani bila kitu. Nilishindwa kukuandikia kwa aibu.

Kuna jingine. Hapa yuko dada mmoja, Aneth, mtoto wa Geita mjini, anasoma uuguzi mwaka wa mwisho. Utafiti wake unahusu kukaa, mazoezi na usingizi wa wanafunzi. Alipita vyumbani akitafuta watu wa kuvaa saa ya mpira inayohesabu hatua na kujua umelala saa ngapi. Niliivaa siku saba. Aliposoma majibu akaniuliza kwa upole, "Kaka, wiki hii ulikuwa umelazwa hospitali?" Nilikuwa natembea hatua elfu moja na mia mbili kwa siku. Akida, aliyevaa ya kwake, alifika elfu kumi na moja.

Nilimsomea barua yako ya Januari. Nisamehe. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, halafu akasema, "Bibi yako amefanya utafiti wangu kwa kuondoa kiti kimoja." Anasema bibi mmoja hatoshi kuwa ushahidi, na kwamba kuna mengine yanayokula usingizi, simu, hofu, chai za usiku. Lakini kwenye fomu zake, wengi wanaokaa kutwa wanalalamika kama mimi, na wengi wanaotoka jasho wanalala mapema. Mwili usiochoka hauna haraka ya kulala. Kwa hiyo Babu hana kosa, Bibi. Wala kiti hakina kosa. Kosa ni la aliyekaa. Ukitaka nitakirudisha.

Mjukuu wako,
Maganga


Mhunze
7 Aprili 2024

Maganga,

Marahaba. Tuko wazima, na wewe uwe mzima.

Barua yako ilipofika niliisoma nikiwa nimesimama, nikalia nikiwa nimesimama. Halafu nikakasirika, nikalima robo eka. Salome alitaka kunizuia, akaniangalia usoni, akaenda kuchukua jembe lake akaja kuungana nami. Sasa tunaongea.

Nimekukasirikia kwa kunyamaza. Kufeli hakujanikasirisha, maana kufeli hata mvua hufeli. Lakini hasira kubwa zaidi nimejikasirikia mimi. Nani alikukataza ndoo? Nani alisema msomi hashiki mpini? Likizo ya mwaka juzi ulitaka kwenda na wenzako kwenye mazoezi ya ngoma, nikakwambia acha, utachafua viatu. Nilidhani nakupumzisha, kumbe nilikuwa nakufundisha ugonjwa. Na juu yake nikakutumia kiti. Wanasema mtembezi hula miguu yake. Basi mkaaji naye hula usingizi wake, na mimi nilikuwa nakupakulia.

Nilimpigia baba yako Nyarugusu. Akacheka vibaya. Anasema wachimbaji wakitoka duarani hulala juu ya viroba vya mawe, na asubuhi huamshwa kwa kumwagiwa maji, sasa mwanawe ana kiti cha mninga na anahesabu nyota. Nikamwambia asicheke, nikacheka na mimi.

Kiti usikirudishe. Nakijua, kikirudi nitakikalia. Ila wewe utoke humo. Mwezi wa saba unakuja nyumbani, na safari hii hakuna mgeni hapa. Pamba itakuwa imepasuka. Dengu zitatungoja. Na jioni ni mazoezi ya bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, nimeshampa jina lako Suzana, ndiye kiongozi wa ngoma mwaka huu, na huruma hana. Nataka kuliona joho lako kabla macho yangu hayajachoka, Maganga. Hilo ndilo ninalolitaka duniani, silifichi.

Bibi yako, ambaye bado ni mke wako,
Scolastika


Dodoma
8 Septemba 2024

Mke wangu mpenzi,

Shikamoo. Nilifika salama wiki iliyopita. Nkwabi alinikalisha karibu na dereva, na nililala tangu Nzega mpaka Manyoni bila kupenda. Hamjambo wote? Baba mdogo amepona kidole nilichomkanyaga?

Nimeyakumbuka mengi njiani. Siku ya kwanza shambani, nilipochuma pamba kapu moja wakati wewe umeshachuma matatu, na ukawaambia watu kwa sauti kwamba mumeo amekuja kukagua. Ile jioni jembe liliponiponyoka katikati ya ngoma likaruka mpaka kwenye ndoo ya togwa, na Suzana akasema bila kusimamisha ngoma, "Huyo apewe jembe lililofungwa kamba." Viganja vilivyopasuka. Na usiku wa nne, nilipolala nikiwa nimeshika tonge, mama mdogo akanitoa tonge mkononi nisijue. Sikuwa nimelala hivyo tangu darasa la tano. Ile saa ya mpira aliyoniazima tena Aneth ilihesabu hatua elfu kumi na nane siku ile. Ile siku uliyoivaa wewe, Aneth ameona idadi yake akadhani imeharibika.

Mtihani ni Jumatatu ijayo, tarehe kumi na sita, saa mbili asubuhi, chumba kile kile. Nasoma mchana. Saa kumi na moja jioni tunacheza bugobogobo nyuma ya hosteli, mimi, Akida, Aneth na Wasukuma sita waliojitokeza wenyewe waliposikia ndoo inapigwa. Mlinzi amekataza majembe, kwa hiyo tunacheza na mafagio. Mchagua jembe si mkulima. Akida hajui wimbo hata mmoja, lakini fagio lake halijawahi kumponyoka, na hilo linaniumiza.

Kiti kiko pale pale. Tunaanikia nguo. Sitakuficha kitu tena: juzi niliondoa soksi nikakikalia, nikasema dakika kumi, nikaamka saa mbili baadaye, na usiku ule nikayaona mapambazuko. Naogopa, Bibi. Usiku wa kuamkia mtihani ukigoma, yote haya yatakuwa bure.

Mumeo,
Maganga


Mhunze
12 Septemba 2024

Mume wangu,

Marahaba, hatujambo, kidole kimepona.

Naandika upesi, Nkwabi anapiga honi. Jumapili usisome jioni. Cheza ngoma mpaka shati lilowe, oga, kula, lala. Usingizi usipokuja usiupigie magoti, lala tu kimya, mwili uliotoka jasho utajua la kufanya. Hata usipolala usiku mmoja huo, umelala sitini kabla yake. Hiyo ni akiba, hakuna wa kukunyang'anya.

Nilitaka kukutumia jogoo wa kukuamsha. Nkwabi amekataa katakata.

Tunakuombea, mimi na Salome. Babu yako nimemwagia togwa pia, ingawa umeshasema hana kosa.

Scolastika


Dodoma
6 Oktoba 2024

Mke wangu, Bibi yangu, Scolastika binti wa Kishapu,

Shikamoo! Hamjambo? Wote wazima? Magoti yapumzishe kidogo kabla ya kuendelea kusoma, maana utataka kuruka.

Nimefaulu. Nimepata B. Matokeo yametoka jana, nikamwomba Akida ayasome mara tatu nikihofia macho yangu.

Ile Jumapili tulicheza mpaka mlinzi mwenyewe akachukua fagio. Saa nne nikapanda kitandani na hofu yangu. Nilianza kuhesabu mabati kama ulivyofanya wewe, lakini hosteli haina mabati, ina dari. Nikawa najiuliza nihesabu nini sasa, na hapo hapo nikalala. Sikuota kitu. Niliamka saa kumi na moja na nusu, nikatembea kuzunguka chuo kizima, nikafika kwenye chumba cha mtihani mlango bado umefungwa. Msimamizi alikuwa yule yule. Aliniangalia, akasema, "Leo umekuja kuandika au kulala?" Nikamwambia, "Kulala nimeshalala, Mwalimu." Niliandika kurasa kumi na nne.

Aneth amemaliza utafiti wake. Kwenye shukrani ameandika jina la msimamizi wake, la wazazi wake, halafu lako. Anataka kuja Mhunze kukuona, na usianze maneno yako, ni dada tu.

Sasa nieleze kuhusu kiti. Akida anataka meza yake irudi chumbani. Nikilete au nikigawe?

Mumeo aliyefaulu,
Maganga


Mhunze
20 Oktoba 2024

Mume wangu Maganga,

Marahaba, marahaba, marahaba! Barua yako niliisoma njiani kutoka kwa Nkwabi, na mtu yeyote niliyekutana naye nimempa habari, hata wale waliokuwa wanakwenda msibani. Salome alipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakatoroka zizini. Baba yako ameimba kwenye simu. Wabeja, mume wangu, umenipa miaka mingine. Na huyo Aneth aje, kitanda cha wageni kipo. Mke mwenza simkatai, mradi ajue kulima.

Umeuliza kuhusu kiti. Nilitaka kukujibu siku ile ile, lakini kwanza nikaenda kutembea. Nikatembea mpaka lamboni, nilikokuwa sijafika tangu babu yako afe, maana sikutaka. Maji yamepungua. Na pale ukingoni, penye kivuli cha ule mgunga, nikayaona mawe manne bapa, yamepangwa pembe nne.

Maganga, nilisimama pale nikalia, halafu nikacheka peke yangu. Yale ni mawe ya kiti. Ngusa aliyapanga ili miguu ya kiti isiliwe na mchwa. Kile kiti hakikuwa cha nyumbani hata siku moja. Kilikaa lamboni miaka yote. Kila asubuhi alitembea na ng'ombe mwendo wa saa nzima, ng'ombe wakinywa ndipo yeye anakaa, halafu mwendo wa saa nzima kurudi. Jioni alikuwa analala kabla sijamaliza kumsimulia habari za mji, na mimi nilikuwa nagombana naye kwa hilo. Alipokufa sikuvumilia kukiona kiti kule peke yake, nikamwambia baba yako akibebe akilete ndani. Nilidhani nimemrudisha Ngusa nyumbani. Kumbe nilichukua kiti, nikaiacha njia. Halafu kile kiti bila njia yake nikakikalia mimi, na baadaye nikakupa wewe.

Kwa hiyo usikigawe. Njoo nacho Krismasi. Ukishuka stendi usimpe Nkwabi akibebe, kibebe mwenyewe kichwani mpaka lamboni, tukiweke juu ya mawe yake manne. Atakayetaka kukaa na atembee kwanza.

Mimi nitatangulia kukungoja huko. Ukichelewa utanikuta nimeshakikalia.

Mke wako wa kwanza, anayelala vizuri kabisa, na safari hii ni kweli,
Scolastika